Kurasa Kumi na Nne

Mma-Seabelo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake, mikono yote miwili mapajani, viganja vikitazama juu, kama mtu aliyekwenda kupokea kitu akaambiwa asubiri. Skrini ilikuwa imeganda. Maneno ya mwisho aliyoyaandika, "nami nikamwambia shemeji yangu kwamba", yalisimama pale bila kuendelea. Kinasa sauti kilichokuwa kando ya meza hakikujua habari hizo. Katika vipokea sauti vilivyoning'inia shingoni mwake, mzee fulani wa Shoshong aliendelea kunung'unika peke yake, akimwambia shemeji yake jambo ambalo hapakuwa na sikio la kulipokea.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi mchana. Wenzake wote walikuwa wamezima mashine na kutoka kwenda kula. Olebile Ramotse, fundi wa kompyuta wa ofisi ile, alipita mlangoni akiwa na kikombe cha chai, akaiona ile mikono, akatamani asingeiona.

"Imelala tena, Mma?" aliuliza; kwao Mma ni mama, na Rra ni bwana.

"Imelala, Rra. Leo sikuigusa vibaya. Nimeigusa kama yai."

Olebile aliinama, akabonyeza hiki na kile, akangoja, kisha akafanya alichokuwa akikifanya kila mara: akaizima mashine kwa nguvu na kuiwasha upya. Ikaamka nyepesi, changamfu, kana kwamba haijawahi kumkosea mtu.

"Unaona?" alisema. "Nzima kabisa."

"Naona," akajibu Mma-Seabelo, na sauti yake haikuwa na ubishi hata chembe. Hilo ndilo lililomchoma Olebile. Ubishi angeuweza.

Ofisi ile ya Mahalapye ilikuwa na kazi moja tu: kugeuza sauti kuwa maandishi. Mashauri yaliyosikilizwa kwenye kgotla, mabaraza ya vijiji vya kanda nzima, yalipokatiwa rufaa yalipaswa kuandikwa neno kwa neno, pamoja na vikohozi na matusi yake, ndipo yapelekwe mahakama ya juu. Wanukuzi walikuwa saba. Mma-Seabelo, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuajiriwa, enzi za taipureta. Wazee walipozungumza kwa mafumbo ya kale, au mashahidi watatu walipoongea kwa pamoja na mbuzi akilia nyuma yao, kanda hiyo iliishia mezani kwake. Alifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wengine kwa saa mbili, kwa sababu, alisema, sauti za wazee husikika vizuri dunia ikiwa haijaanza kelele. Mchana alikula palepale mezani, jicho moja kwenye chombo chake cha chakula cha mtama na jingine kwenye kazi.

Tangu katikati ya Septemba, hata hivyo, kazi yake ilikuwa imezorota. Alichelewa. Faili zake zilipotea. Kurasa kumi na nne za shauri la mjane wa Shoshong aliyenyang'anywa kisima na shemeji zake zilitoweka mchana mmoja kama moshi, naye aliapa kwamba alikuwa amezihifadhi. Meneja alimtuma Olebile akachunguze. Olebile alikwenda saa mbili na nusu asubuhi, akaikuta mashine inakimbia kama swala, akakaa nayo dakika kumi, akarudi chumbani kwake kuandika ripoti. "Mashine ni nzima," aliandika. "Kosa ni la mtumiaji. Anafungua vitu vingi bila kuvifunga, na anasahau kuhifadhi kazi yake."

Neno "anasahau" hakulipata kwenye mashine. Alilipata kwenye nywele nyeupe za Mma-Seabelo.

*

Siku ileile, Jumatano, baada ya kuiamsha mashine, Olebile aliitwa na meneja. Rra Modisane alikuwa mtu wa maneno machache, aliyependa kufuta miwani yake kwa ncha ya tai kabla ya kusema jambo zito. Aliifuta kwa muda mrefu.

"Barua kuhusu Mma-Seabelo imekwenda makao makuu Gaborone," alisema. "Mwisho wa mwezi anaondolewa kwenye unukuzi. Atakaa mapokezi mpaka wamalize taratibu za kumstaafisha. Nimekuambia ili usishangae ukiambiwa uichukue mashine yake."

"Mapokezi, Rra?"

"Nimeambatanisha ripoti yako. Wewe ndiye fundi."

Olebile alirudi chumbani kwake, akakaa. Aliwaza kwamba yeye hakumfukuza mtu. Alikuwa ameandika sentensi tatu tu. Lakini aliyezaliwa karibu na kgotla anajua kwamba mtu haondolewi kijijini kwa fimbo. Huondolewa kwa maneno machache yaliyosemwa na mtu anayeaminika.

Saa kumi jioni wengine wakifunga mikoba yao, Mma-Seabelo alikuja mwenyewe mlangoni kwake. Hakuingia. Alisimama ameshika fremu ya mlango kama anayesubiri kukaribishwa msibani.

"Rra, nina swali, na usinijibu kwa huruma."

"Karibu ndani, Mma."

"Hapa panatosha. Wewe unazijua hizi mashine. Zile kurasa kumi na nne. Mimi nakumbuka kidole changu kikibonyeza kuhifadhi. Nakumbuka hata nilipobonyeza, nilikuwa nimefika pale mjane anaposema mume wake alikichimba kile kisima kwa mikono yake mpaka kucha zikang'oka. Sasa niambie. Mtu anaweza kukumbuka jambo ambalo hakulifanya?"

Olebile aliinuka kitini.

"Mama yangu alianza hivihivi," akaendelea kwa sauti iliyotulia. "Aliapa kwamba amewafungia ng'ombe zizini, na ng'ombe walikuwa shambani kwa jirani. Mwishowe aliniita mimi dada yake, akafa akiniita hivyo. Nataka tu kujua kama nimefika mlangoni pale. Ukijua unakokwenda, unapanga mizigo."

Huko nje lori lilipita likilitikisa dirisha. Olebile alitazama viatu vyake. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo yote hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa na uzito kiasi kile, wala ambalo alikuwa amelijibu tayari, kwa maandishi, bila kulifikiri.

"Mma," alisema hatimaye, "kesho unafika saa ngapi?"

"Saa zangu. Kumi na mbili."

"Nitakukuta hapa."

*

Na kweli alimkuta. Au tuseme walikutana langoni, mlinzi akiwa bado anapiga mswaki. Jua la Oktoba lilikuwa limeshaanza kazi yake ya kuchoma bati. Mma-Seabelo alikuwa na mfuko wa magwinya, yale maandazi ya duara, yakiwa bado ya moto. Akampa mawili bila kumuuliza kama amekula.

Olebile alivuta kiti kando yake. Kabla hajaketi alizunguka chumba, akawasha pia mashine ya Kelebonye, msichana mwepesi wa vidole na wa ulimi, aliyekaa dirishani na ambaye kwa kawaida alifika saa mbili. Mashine mbili, umri mmoja, zilizonunuliwa siku moja. Kisha akafungua ile orodha inayoonyesha kila programu iliyo kazini ndani ya kompyuta na kiasi cha kumbukumbu inachokitumia, akamwambia Mma-Seabelo aandike kama siku zote.

"Nisikujali?"

"Fanya kama sipo."

"Hilo ni gumu, Rra. Unatafuna kwa sauti."

Akavaa vipokea sauti vyake, vidole vikaanza. Olebile hakuwahi kumwona akifanya kazi. Aliwahi kuiona mashine yake tu. Mma-Seabelo aliandika bila kutazama herufi, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, na mara kwa mara midomo yake ilimsaidia shahidi kumalizia neno. Hakufungua kitu chochote zaidi ya ukurasa mmoja. Kila alipomaliza aya, kidole chake kilihifadhi chenyewe, kama mtu anayefunga mlango nyuma yake kwa mazoea. Olebile alihesabu. Kwa nusu saa ya kwanza alihifadhi mara kumi na tisa.

Aliacha kuhesabu. Gwinya la pili akaliweka chini bila kulila.

Ndipo macho yake yalipohamia kwenye ile orodha. Karibu na mwisho wake palikuwa na programu moja yenye jina refu lisilovutia, mojawapo ya zile ambazo fundi huzipita kama unavyompita mlinzi wa getini. Ilikuwa ni ile inayokwenda mtandaoni kutafuta masasisho na kuyaweka yenyewe, bila kumsumbua mtu. Saa kumi na mbili na nusu ilikuwa imeshika megabaiti mia mbili na kitu. Hakuijali. Saa moja, mia tano. Saa moja na nusu, mia saba na arobaini. Hakuna sasisho lililokuwa likiingia. Mashine haikuwa ikipakua chochote. Lakini ile programu ilikuwa inanenepa, polepole, bila kelele, kama kupe sikioni mwa ng'ombe.

Akainuka, akaenda kwenye mashine ya Kelebonye, ambayo hapakuwa na mtu aliyeigusa. Mia saba na arobaini.

Alirudi haraka mezani kwa Mma-Seabelo.

"Mma, tafadhali, vua hivyo vitu masikioni kidogo."

Akavua.

"Kumbukumbu ya mashine ni kama viti vya kgotla," Olebile alisema, akitafuta njia. "Kila programu ikiwa na kazi inaazima viti, ikimaliza inavirudisha, na mwingine anakalia. Sasa humu ndani yuko mmoja. Kila dakika anakwenda kubisha hodi kwenye kompyuta ya makao makuu Gaborone kuuliza kama kuna jambo jipya. Kabla ya kwenda anaazima kiti. Gaborone haitikiwi, kwa sababu mlango anaoubisha ulifungwa zamani. Anarudi, anasubiri, dakika ikifika anaazima kiti kingine. Vile vya mwanzo harudishi."

Mma-Seabelo aliwaza.

"Kwa hiyo ikifika saa saba mchana wazee wote wamesimama."

"Wote. Na kazi yako haina pa kukaa."

"Na nikibonyeza kuhifadhi?"

"Amri inapokelewa. Ila hakuna nafasi ya kuitekeleza. Inangoja mlangoni. Halafu mimi nakuja, naizima kwa nguvu, na faili iliyokuwa ikingoja huweza kuharibika yote, hata kurasa za asubuhi."

Mma-Seabelo alivikunja vipokea sauti vyake, akavikunjua.

"Wewe," alisema.

"Mimi, Mma."

"Na hawa wengine? Mbona mashine zao hazilali?"

Olebile alikuwa amelijibu swali hilo moyoni dakika chache zilizopita, na jibu lilikuwa limemkalia vibaya. "Wanaingia saa mbili. Saa sita na nusu wanazima kwenda kula, kama taratibu zinavyotaka. Wakiziwasha tena, viti vyote vimerudi. Hakuna anayefika saa saba moja kwa moja. Ni wewe peke yako unayekuja alfajiri na hutoki kula."

Yaani, na hakulisema hili kwa kinywa, angekuwa mvivu kidogo, asingeonekana mzee.

*

Fundi mwenye busara hasadiki kitu mpaka akione mara mbili. Saa tatu Olebile aliizima ile programu kwenye mashine ya Mma-Seabelo; orodha ikashuka ghafla, viti vyote vikarudi. Ile ya Kelebonye aliiacha kama ilivyo, akamwomba mwenyewe asiizime saa ya kula.

"Kuna siri gani?" Kelebonye aliuliza.

"Jaribio."

"Mashine yangu si panya, Olebile. Ikifa utanisomea wewe mazishi."

Saa nane kasoro robo Kelebonye aliporudi kutoka kula, alikaa, akaandika mstari mmoja, akatulia. Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Akaipiga mgongoni kwa kiganja.

"Olebile, njoo uone mtoto wako. Inanitazama tu kama mkwe aliyenuna." Akageuka. "Mma-Seabelo, ya kwako inakwenda?"

"Inakwenda, mwanangu," Mma-Seabelo akajibu bila kusimamisha vidole.

Kelebonye alifungua kinywa kutania, kama alivyozoea kumtania bibi yule kuhusu konokono na kobe. Kisha akaitazama skrini yake iliyoganda, akamtazama tena, na taratibu uso wake ukabadilika. Kinywa akakifunga.

Olebile alikuwa amesimama kati yao. Angepaswa kufurahi. Ufundi ni furaha ya aina hiyo: kumkamata mchawi aliyekuwa akila nyumba nzima. Lakini alikuwa bado hajatafuta jambo moja, nalo alilitafuta jioni, mlango umefungwa: ni nani aliyezifungulia mashine zote zipokee kila sasisho zenyewe, mara linapotoka, bila kujaribiwa kwanza kwenye mashine moja kama mwongozo wa makao makuu ulivyoagiza?

Hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Tarehe kumi na moja Agosti. Amri ilitolewa kwa mashine zote. Jina la mtoa amri: O. Ramotse.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa amechoka kuzunguka meza moja baada ya nyingine kila wiki. Alibonyeza mara moja tu, akajipongeza, akaenda nyumbani mapema kutazama mpira. Septemba, programu ya masasisho ikajisasisha yenyewe, ikaja na kasoro yake, na hapakuwa na mtu mlangoni wa kuiuliza inakwenda wapi.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Na huu alikuwa ameudunga kwenye mguu wa mtu mwingine.

*

"Imepona?" Rra Modisane aliuliza asubuhi ya Ijumaa.

"Zote saba, Rra. Nimeirudisha programu kwenye toleo la zamani, na mlango wa Gaborone nimeusahihisha. Ripoti yangu ya kwanza haikuwa sahihi. Nimeandika nyingine." Akaiweka mezani.

Meneja aliisoma. Ilikuwa fupi, lakini Olebile aliiandika jana yake tangu saa kumi mpaka giza likaingia, akifuta na kuandika tena. Ilisema kwamba mashine ndiyo iliyokuwa mbovu. Ilisema kwamba Mma Gaboipewe Mothibi, ndilo jina la Mma-Seabelo kwenye karatasi, hakusahau chochote. Sentensi ya tatu ilisema kwamba kasoro iliingia kwa sababu fundi, Olebile Ramotse, aliruhusu masasisho bila kuyajaribu, na kwamba alipoitwa kuchunguza hakuchunguza.

Rra Modisane alivua miwani. Akaanza kuifuta.

"Hii ya tatu. Unaweza kuandika kwamba waliotengeneza programu walikosea. Si uongo."

"Si uongo, Rra. Ila ni nusu."

"Nusu inatosha kuirudisha barua."

"Inatosha kuirudisha barua. Lakini watauliza fundi alikuwa wapi wakati ule, nami nitaandika nusu nyingine, kisha nusu ya nusu." Alisita. "Mma-Seabelo alinijia mlangoni kwangu. Aliniuliza kama akili yake imeanza kumwacha. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba imemwacha."

Meneja aliinua miwani kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kama kuna mtu upande wa pili.

"Mkataba wako unakwisha Desemba."

"Najua, Rra."

"Najua kwamba unajua. Nakukumbusha kwa sababu mimi ndiye nitakayeulizwa kama unafaa."

"Utasema unachokiona."

Rra Modisane alivaa miwani, akachukua karatasi ile, akaipiga muhuri wa kupokelewa pasipo haraka. "Huwa naona vizuri zaidi nikiisha kuifuta," alisema. Olebile hakujua kama hiyo ilikuwa ahadi ama mzaha, na hakuuliza.

Kwa Mma-Seabelo alikwenda wakati wa kula, wengine walipotoka. Alikuwa ameshaziandika upya zile kurasa kumi na nne. Shauri la mjane lilikuwa kwenye bahasha, limefungwa, likingoja gari la saa tisa. Olebile alimweleza yote akiwa amesimama. Ile tarehe kumi na moja Agosti. Ule mpira. Ile ripoti. Lile neno moja alilolitoa kwenye nywele zake.

Mma-Seabelo alisikiliza kama alivyosikiliza kanda zake, kichwa upande wa kushoto, bila kumkatiza.

"Wiki tatu," alisema Olebile alipomaliza. "Wiki tatu, Rra, kila asubuhi kabla sijashuka kitandani nimekuwa nikitaja majina ya wanangu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kisha wajukuu. Kisha ng'ombe. Nikikosea nafasi moja, moyo unaniruka. Siku moja nilimtanguliza Seabelo mbele ya dada yake, nikakaa ukingoni mwa kitanda mpaka chai ikapoa."

"Nisamehe, Mma."

"Nimekusikia." Akachukua kijiko, akakiweka. "Kwetu husema maneno yote ya kgotla ni mazuri, hata mabaya, maadamu yamesemwa mbele ya watu. Wewe umeyasema. Msamaha ni jambo jingine, hilo litakuja kwa miguu yake. Usiliharakishe."

"Sitaliharakisha."

"Basi kaa ule. Unanizibia mwanga."

Akakaa. Alimgawia mtama na mboga kwenye kifuniko cha chombo chake, wakala bila maneno mengi. Alipomaliza, Mma-Seabelo alipangusa vidole, akafungua mkoba, akatoa kadi ndogo ya hospitali ya wilaya, akaiweka kati yao.

"Jumatatu saa nne," alisema. "Nilijiandikisha siku ile kurasa zilipopotea."

"Lakini Mma, sasa tumejua. Ilikuwa mashine."

"Kuhusu kurasa, ilikuwa mashine." Alisema neno kwa neno, kama anayemsomea mtu maandishi yake ili ayathibitishe. "Lakini mwezi uliopita niliacha sufuria jikoni mpaka likaungua chini. Nilikwenda dukani nikarudi bila nilichokifuata. Labda ni uzee tu, labda ni hofu, hofu nayo husahaulisha. Wewe umeipima mashine, Rra, nakushukuru. Mimi bado sijapimwa."

Olebile aliitazama kadi. "Seabelo atakupeleka?"

"Seabelo yuko Maun. Na sijamwambia."

"Nina pikapu," alisema. "Mlango wa abiria haufunguki kwa nje, ila nitakufungulia."

Mma-Seabelo alimtazama kwa muda, kama anayepima uzito wa kitu kabla ya kukipokea.

"Usichelewe," alisema.

*

Jumatatu korido ya hospitali ilikuwa na benchi refu la mbao na feni iliyokuwa ikizunguka pasipo kumpepea yeyote. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Alimwingiza Mma-Seabelo chumbani, akaufunga mlango, lakini kitasa kilikuwa kimelegea, mlango ukajirudi upana wa mkono. Olebile alifikiri kuinuka auvute. Hakuinuka.

"Nitakutajia maneno matatu, Mma," sauti ya muuguzi ilisema. "Uyarudie sasa hivi, kisha uyaweke. Baadaye nitakuuliza. Funguo. Mtumbwi. Mvua."

"Funguo, mtumbwi, mvua. Mtumbwi hapa Mahalapye, mwanangu? Umenionea."

Muuguzi akacheka. Kisha ikaja tarehe, na jina la wilaya, na kuhesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kutoa saba kila mara. Olebile alijikuta akihesabu pamoja naye chini kwa chini, na kwenye sabini na mbili yeye ndiye aliyekosea. Kulikuwa na kuchora saa. Kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi, ikasimama, ikakwaruza tena.

Simu yake ilitetemeka mfukoni. Aliitoa. Ilikuwa barua pepe kutoka makao makuu Gaborone, na kichwa chake kilikuwa na jina lake, si la Mma-Seabelo. Kidole kilikuwa kimeshaikaribia.

"Sasa, Mma," muuguzi alisema ndani, "yale maneno matatu niliyokupa."

Olebile aliigeuza simu kifudifudi juu ya paja lake. Mtu aliyekuwa akikohoa mwisho wa benchi aliacha kukohoa. Ndani hapakusikika kitu, na kimya kile kilijinyoosha, na yale maneno yalikuwa yamejipanga ulimini mwake yote matatu, mazito, kama vitu alivyoachiwa na mtu amshikie.

"Mvua," Mma-Seabelo alisema.

Kisha akanyamaza, bila haraka, kama anayesikiliza kanda yenye kelele nyingi na anajua kwamba sauti anayoitafuta imo humo ndani.